Matabishi ya Jina la Tovuti

Juzi nilikuwa kwenye duka la fotokopi, nangoja karatasi zangu, nikamkuta mama mmoja muuza samaki akiuza jina la tovuti. Alilisajili zamani kwa duka la samaki wa Kilwa, kule ziwani, ambalo hakulifungua; ukurasa ulisema tu kwamba samaki wanakuja. Mnunuzi, bwana mwenye suti, alivuta bei chini mara tatu, mwisho wakaelewana. Kisha akanyoosha kiganja, kama tunavyofanya sokoni kuomba nyongeza ya bure.

“Sasa mama, matabishi yangu iko wapi?”

Sokoni angemwongezea samaki mmoja juu ya fungu. Hapa mama aliitazama skrini ya kompyuta ya duka, kama mtu aliyesimama kando ya ziwa alfajiri, ukungu haujainuka.

“Iko bantu banaandikaka kwa ile jina,” alisema polepole. “Banauliza samaki itafika siku gani. Miye nabajibuka: bado kidogo. Na weye ubajibu vile.”

Bwana alikirudisha kiganja mfukoni, taratibu. Mimi nimeomba matabishi tangu utotoni. Sikujua kwamba mtu anaweza kuongezewa kazi ya kungojewa.