Dirisha Tuliloliziba kwa Udongo

Bado naikumbuka, mwanangu, siku mganga wa zahanati aliponiwashia njiti ya kiberiti mbele ya mdomo.

Tulikuwa tumehamia kijiji cha ujamaa karibu na Mgori, mimi mke mpya, nakaa na mama mkwe. Nyumba mpya zilikuwa na madirisha. Sisi tuliozaliwa kwenye tembe, zile nyumba za udongo zisizo na madirisha, tukayaona ni hasara tupu: moshi ukitoka, mchwa watakula boriti, na mbegu za mtama tulizoning'iniza juu ya jiko zitabunguliwa. Tukayaziba kwa udongo wiki ileile. Tukajiona wajanja!

Mama mkwe alikuwa na kikohozi cha asubuhi, cha miaka mingi. Changu kilipoanza nilifurahi, usinicheke. Kwetu mwanamke akikohoa jikoni alionekana amekomaa.

Mganga alitusikia kwenye foleni ya zahanati, akatuita. Akawasha njiti, akaishika mbali kidogo na uso wangu, akaniambia niipulize mdomo ukiwa wazi, bila kubana midomo. Nilitaka sana kujua anatafuta nini. Ilizimika mara ya pili. Ya mama mkwe iliwaka mpaka ikamchoma mganga vidole. Watu wakacheka. Mganga hakucheka.

“Mama, mapafu yako yamechoka,” mganga alisema. “Nitakupa dawa upate nafuu, ila yaliyoharibika hayarudi. Ya huyu tumeyawahi. Moshi mnaupata wapi?”

Tulipomweleza habari ya madirisha, alishika kichwa.

Nyumbani mama mkwe alichukua jembe, akaanza kuubomoa ule udongo huku anahema. Anakaa chini, anainuka tena. Nilitaka kumpokea jembe, akakataa.

“Mama, na mchwa je?” nikauliza.

“Wale tu. Paa litajengwa lingine. Wewe nitakupata wapi?”

Hakuiona masika ya pili. Nilimpenda, na mpaka leo namlilia.

Basi, mwanangu, kikohozi kikipita wiki mbili tatu usikizoee. Ukiona watu wa rika lako wanakuacha njiani kwa sababu pumzi imekukatika, usisingizie uchovu. Nenda ukapimwe ungali unatembea kwa miguu yako, na umuulize mganga maswali yote, hatakumeza. Sigara iache kabisa. Moshi wa kuni uupe pa kutokea.

Mungu akujalie pumzi ya kuwaita wajukuu zako kutoka ng'ambo ya shamba, nao wakusikie.