Kiti cha Mbele cha Walburga

Kajetani wa Msamala ni seremala wa majeneza. Kwa hiyo alipotangaza kwamba anatengeneza ndege, majirani tulisema fundi anajitafutia wateja.

Miaka sita akahangaika nayo. Ina mabawa marefu ya mbao na kitambaa, nilichokishona mimi kwa cherehani yangu, na injini ndogo ya kuipandisha tu. Ikishafika juu unaizima, ndege inaelea. Alinieleza kwamba kwa kila mita moja inayoshuka, inakwenda mbele mita ishirini na tano. Nikamwambia hata jiwe linaelea, ila kwa muda mfupi.

Viti ni viwili. Cha nyuma ni chake, maana urubani kausomea na cheti anacho. Cha mbele, chenye kioo kote na mandhari yote, alimtengea mkewe, Walburga. Hesabu nzima ya mizani aliipiga kwa kilo zake sitini na nane: kiti hicho kikiwa kitupu, mkia unalemea na ndege hairuki.

Walburga akakataa katakata. "Baba Aidan, kufa nitakufa, lakini si kwa haraka zako."

Kajetani aliumia. Kila asubuhi nilimwona akikifuta kile kiti. Mwishowe akaniomba mimi, nikakumbuka ghafla kwamba nina suruali ya mteja.

Kibali cha majaribio kilipotoka, tuliivuta mpaka Mpitimbi, kwenye shamba lililokwisha kuvunwa. Kajetani akapakia gunia la mahindi la kilo zile zile sitini na nane kiti cha mbele, akalifunga mkanda.

Ikapaa! Wengine vigelegele, wengine rozari. Kisha injini ikazimwa, pakawa kimya, na Walburga akatoka mbio shambani.

"Mahindi yangu! Uwii, mahindi yangu!"

"Na mume je?" nikamuuliza.

"Huyo kajitakia!"

Lakini alikuwa analia, na mimi sijaona mtu wa kulilia gunia moja namna ile.

Ndege ikatua polepole. Kajetani akashuka. Walburga hakumpa hata pole. Alikwenda moja kwa moja mbele, akalitazama gunia lilivyokaa kama mama mkwe.

"Baba Aidan, hili limeona wapi na wapi?"

"Mji wote, mama. Mpaka milima ya Matogoro."

"Nimelilima mwenyewe, halafu linanitangulia mimi?" Akafungua mkanda. "Lishushe."