Programu Iliyozoea Kuzimwa

Ruweida alijifunza kuandika programu za kompyuta katika chumba cha nyuma cha nyumba aliyoacha babu yake huko Lindi, mtaa wa Kibera, ukuta mmoja na fundi wa kuchomelea mageti. Ukitaka kujua kwa nini mtoto wa watu alikufa Kawangware, anzia kwenye ukuta huo. Fundi akiwasha mashine yake, stima ya majirani wote hushuka, balbu hugeuka nyekundu, na punde kila kitu huzima. Asipowasha yeye, transfoma italipuka, au watakuja watu kung'oa nyaya za wizi na waondoke na za halali pia. Betri ya laptop ya Ruweida ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo alijifundisha mwendo wake: andika, hifadhi, jaribu dakika kumi, zima kabla hujazimiwa. Kwa miaka sita hakuna programu yake iliyowahi kukaa macho saa mbili mfululizo.

Hakuona kwamba hiyo ni kasoro. Alijisifia. Aliwaambia wateja wake, wenye maduka ya dawa na wenye shule ndogo ndogo, kwamba programu yake ikizimwa ghafla na kuwashwa tena huendelea pale pale ilipoachia. Ilikuwa kweli, na Kibera mteja hatafuti sifa nyingine. Mtu akimpigia simu kulalamika, alimwambia aizime aiwashe, na mara nyingi shida iliisha. Dawa ikiponya kila ugonjwa, anayeitoa haulizi tena maswali.

Ndivyo alivyopata kazi kwa Kagiri. Kagiri si daktari, ni tabibu wa diploma, ila Kawangware nzima inamwita Daktari, na anastahili, kwa sababu kliniki yake ya uzazi upande wa Riruta huwapokea watoto waliozaliwa kabla ya siku zao pale ambapo wengine huwaambia akina mama wajaribu kwingine. Hakuwa na mashine za kuwaangalia watoto hao. Alichokuwa nacho ni vibanio vinane vya bei nafuu, vile vinavyofungwa kwenye mguu wa mtoto kusoma kiasi cha oksijeni katika damu. Ruweida alivileta vyote kwenye skrini moja, kila mtoto na namba yake. Namba ikishuka chini ya tisini, alamu inalia. Muuguzi mmoja aliweza kuangalia watoto wanane na bado akaenda leba kuzalisha.

Mwaka wa kwanza wote mambo yalikwenda vizuri. Stima ya Kawangware nayo ilikatika mara mbili tatu kwa siku, programu ikazimwa, ikawashwa, ikaendelea. Kisha mwezi wa tatu Kagiri akafunga paneli za sola na betri kubwa. Walichinja mbuzi. Kuanzia siku hiyo kompyuta ya wodi haikuzimika tena, na hakuna aliyejua kwamba ni giza ndilo lililokuwa likiwalinda.

Simu ilikuja siku chache tu baadaye, Jumanne asubuhi.

"Ruweida, niaje. Tumepoteza mtoto Jumamosi," Kagiri alisema. "Kuja utoe rekodi. Nataka ionekane sista alizima alamu saa ngapi."

Sista huyo alikuwa Nabalayo, muuguzi mwenye miaka kumi na tisa kazini. Mtoto alikuwa wa Akoth, msusi wa Kianda, huko huko Kibera: msichana wa siku tisa aliyeitwa Mitchelle. Alikutwa amekufa saa tisa na dakika kumi mchana, na alamu haikuwa imelia. Kagiri alikuwa ameshamrudisha Nabalayo nyumbani na ameshamwambia mama wa mtoto kwamba kitufe cha kunyamazisha alamu kilibonyezwa na mkono wa mtu.

Ruweida alifungua rekodi, na kabla hajafika nusu ya ukurasa akaona kasoro. Mtu aliye hai, hata akiwa amelala fofofo, namba yake hucheza: tisini na sita, tisini na nane, tisini na tano. Namba ya Mitchelle ilicheza hivyo tangu asubuhi. Saa saba kasoro dakika tisa ikafika tisini na saba, na hapo ikaganda. Mistari na mistari ya tisini na saba. Iliendelea hivyo mpaka saa kumi, wakati mtoto alikuwa ameshafunikwa shuka na kubebwa nje, na kibanio kiko mezani hakijabana kitu. Kitufe cha alamu hakikuguswa siku nzima.

Kila mwandishi wa programu ana mtu wa kumlaumu kabla hajajilaumu, na Ruweida alivitupia lawama vibanio. Ni vya bei nafuu, alijiambia, bila shaka vimeharibika. Alimwomba Kagiri chumba cha stoo, akawasha programu kwenye kompyuta iliyounganishwa na betri za sola, akajibana kidole. Kila nusu saa alikichomoa. Mara ya kwanza namba ilipotea na alamu ikalia kabla ya sekunde tatu. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tano alianza kuomba Mungu kwamba kibanio kife mikononi mwake, ili kosa liwe la kiwanda fulani cha mbali ambako hakuna anayemjua.

Saa kumi na nusu jioni alichomoa kidole, na skrini ikabaki inasema tisini na nane.

Aliketi akiangalia. Alikishika kibanio mkononi, akakiweka kwenye sakafu, akakibana kwenye mguu wa kiti. Tisini na nane. Kwenye skrini palikuwa na mtu mzima wa afya njema, na chumbani hakuna aliyebanwa na chochote. 

Baada ya hapo kosa lenyewe halikumchukua hata robo saa, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Programu yake aliiandika kwa lugha ya kisasa, yenye mfagizi ndani yake. Mfagizi huyo hupita kwenye kumbukumbu ya kompyuta kila baada ya muda, hutupa kisichotumika, na husogeza vilivyobaki vikae pamoja. Kazi ikiwa ndogo anaweza kukaa saa nyingi bila kupita, na stima ikikatika kabla, hapiti kabisa. Vibanio navyo vilikuja na programu yao ya kale kutoka kiwandani, iliyoandikwa kwa lugha ya C, isiyo na mfagizi wala habari naye. Ukiipa anwani, itaandika kwenye anwani hiyo mpaka kiama. Ruweida alikuwa ameipa anwani ya sehemu ya kuandikia namba. Sehemu hiyo ilishikwa isisogee kwa muda ule tu wa kukabidhiana, halafu ikaachiliwa. Lakini programu ya kale ilikuwa imeikariri anwani. Siku mfagizi alipopita na kuihamisha, ilikuwa kama mpangaji aliyehama plot bila kumwambia anayemletea maziwa: maziwa yakaendelea kumwagwa mlango wa zamani, na ndani ya nyumba mpya sufuria ikabaki na yale ya jana.

Aliandika amri ya kumwita mfagizi kwa nguvu, na namba ikaganda papo hapo. Akaongeza mistari miwili ya kuipigilia ile sehemu isisogezwe kamwe. Akamwita mfagizi mara mia, na namba ikacheza kama inavyotakiwa. Mistari miwili. Angeiacha programu yake macho siku moja tu kabla ya kuikabidhi, angeliona hili mwenyewe, lakini yeye alikuwa mtu wa Lindi na Lindi hakuna programu inayokaa macho siku moja.

Kagiri alimsikiliza mpaka mwisho. Si mtu mbaya; angekuwa mbaya, ingekuwa rahisi zaidi.

"Umerekebisha?"

"Nimerekebisha."

"Basi andika alamu ilizimwa. Nina watoto saba hapo ndani. Wakifunga hii kliniki, hao saba wataenda wapi? Sista mwenyewe ameshakubali, amesaini. Yaliyopita si ndwele, Ruweida."

Methali hiyo hupendwa sana na wenye mambo yaliyopita.  Ruweida alikwenda kwenye duka la kuchapisha, akaandika ukurasa mmoja: kosa ni la programu, programu ni yangu, sista hakugusa kitufe. Akasaini nakala tatu, akarudi na kuweka moja mezani kwa Kagiri. Kagiri aliipindua uso chini na kuendelea kuandika kadi ya mgonjwa.

Ya pili aliipeleka kesho yake kwa Nabalayo, aliyekaa chumba kimoja nyuma ya soko la Kawangware. Alimkuta anachambua maharagwe ambayo yalikuwa yameshachambuliwa.

"Lakini umesaini kwamba ulibonyeza," Ruweida alimwambia. "Kwa nini?"

"Nilikuwa leba na mama mwingine," Nabalayo alisema. "Nimekaa hapa nikijiuliza, je, kabla niende huko nilibonyeza? Siku ya kwanza nikasema hapana. Siku ya pili nikasema labda. Jumatatu nikauona mkono wangu kabisa ukibonyeza. Nikauona, Ruweida. Ndiyo nikasaini."

Aliusoma ukurasa mara mbili, akaukunja na kuuingiza ndani ya Biblia. Ile nakala ya tatu alisema ataipeleka mwenyewe kwa baraza la wauguzi. Halafu akaanza kulia, na Ruweida akalia naye, na haya ikamkamata kwamba analilia kosa lake katika nyumba ya mtu aliyelibeba.

"Sasa nenda kwa Mama Mitchelle," Nabalayo alisema. "Alinitemea mate pale getini. Karatasi ya baraza haitamfikia huko. Nenda na mdomo wako umwambie sikuzima."

Mchana huo huo Ruweida alipanda boda boda mpaka Kianda. Akoth alikuwa ameketi mlangoni kwake kwenye kigoda, bila kazi mikononi. Kifuani leso yake ilikuwa imelowa maziwa yasiyokuwa na wa kuyanyonya. Ruweida alisema yeye ni nani. Akoth alimsogezea kigoda kingine, kwa sababu mgeni ni mgeni.

Alimweleza yote, taratibu, bila habari za mfagizi wala anwani. Sista hakuzima kitu. Alamu ilikuwa tayari kulia, ila mashine ilikuwa inasoma namba ya zamani na kuiona nzuri. Aliyeitengeneza ni mimi. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, hata kupigwa, na ndani yake kuna sehemu iliyolitamani kofi.

Akoth hakumpiga. Aliuliza, "Ilianza kudanganya saa ngapi?"

"Saa saba kasoro."

"Saa saba."  Jirani alipita na ndoo ya maji, akasalimia, hakuna aliyeitikia.

"Sista aliniambia, ikikaa juu ya tisini mtoto yuko poa, ikishuka italia," Akoth alisema. "Saa nane hivi nikaona midomo yake inageuka rangi. Nikasimama niende nimwite. Halafu nikaangalia skrini. Ilikuwa juu ya tisini. Nikajiambia, wewe Akoth umesoma wapi, unataka kubishana na mashine? Nikarudi nikakaa."



"Siku zote hizi nilikuwa nikisema ni sista," Akoth alisema. Alijifunga leso upya, akaikaza. "Nitampigia sista nimwombe msamaha. Hiyo ya mashine, ambia watu wote. Lakini hii ya mimi kukaa, baba yake asijue."