Gudro juu ya matope

Nakumbuka siku moja ya posho, ile mweye leo munaita samedi, ni kusema jumamosi, nilikuwaka nalala chini ya motokari sawa fundi, kitambaa mu kichwa. Usicheke, mwanangu. Ao cheka tu, minye mwenyewe nacheka.

Nilikuwaka bibi mupya, mutoto wa kwanza, Monga, angali ananyonya. Bwana yangu alikuwaka na kamyoneti ya kubeba chokaa ya Kakontwe. Chokaa na matope, ikishikamana kule chini, inaleta kutu, inakula chuma polepole sawa panya mu gunia ya unga. Na mvula ilikuwa karibu. Njo bwana yangu alisema tuipakale gudro, ile lami nyeusi ya barabara, tuichanganye na mafuta ya moteri ya zamani. Upande wa mbele alifanya mwenyewe: akaosha, akakwangua na brosi ya chuma, akaacha jua ikaushe, akapakala. Nyuma akaniachia minye, juu alienda kazi. Siku ya Yenga, jumapili, kisha misa, mupadri alipaswa kuibariki, halafu bwana yangu abebe bamama ba korali mupaka Koni, kule ku mulima.

Basi minye, siku mbili nzima nikaongea na jirani. Unanijua. Siku ya posho ikafika, nikaosha mbiombio, nikakwangua kidogo, vumbi ikaingia mu macho. Nikasema, aa, ni chini, nani ataona? Nikapakala gudro juu ya matope mbichi yenyewe. Mwanangu, iling'aa! Mangaribi bwana yangu anarudia, anainama, anafurahi. Ananiuliza kama nilikwangua. Nikamuambia nilikwangua yote.

Sasa baba mukwe yangu, muzee ule alitumikaka kazi ya chuma miaka mingi. Na kwetu baba mukwe haongee na bibi ya mutoto wake uso kwa uso; ni heshima. Yenga, kiwanja imejaa bantu, bamama ba korali bashapanda na bilamba byabo byeupe. Muzee anapita na nyundo kidogo. Anapiga chuma ya mbele: nge, nge. Anapiga ya nyuma: pu. Ananiona nimesimama pale na mutoto mu mugongo. Akageuza uso, akaanza kuongea na kamyoneti.

"We kamyoneti," anasema, "banakuvalisha nguo ya misa na haukuoga. Mupadri atakumwangia maji juu. Kule chini, nani anajua unaficha nini? Na mutoto yangu njo atakuendesha ku mulima."

Bantu bakacheka, bakazani muzee anachekesha. Minye nikajua ni minye anaambia. Bazee banasema, mwenye kuficha ugonjwa, kilio njo itamufichua. Na kilio ile, nikaona, ni minye ningeilia.

Nikaenda kwa bwana yangu, mupadri iko anavaa stola yake.

"Baba Monga, nilikudanganya. Nyuma sikukwangua. Nilifunika matope."

Kisha akatia fungulo mu mukono wangu. "Basi weye mwenyewe ubaambie bashuke."

Nikabaambia. Mama moja munene, akishuka kwa taabu, anasema, "Mama Monga, ungesema mbele sijapanda. Unafikiri hii mwili inapanda mara mbili?" Eh, ile haya, nilitamani udongo inimeze.

Tukakwangua gudro yote ikatoka. Mu shasi, ule mugongo wa chuma wa chini, kutu ilikuwa imeshakula: turnevisi ya kufungua visi iliingia sawa mu muhogo ya kupika. Na bamama bale wote, kama ingevunjikia ku ule mulima! Fundi akaunga chuma mupya, tukakwangua tena, tukangojea jua, tukapakala. Mupadri akabariki Yenga ya kufuata, na bwana yangu alifanya juma nzima haniongeleshe vizuri. Alikuwa na haki.

Basi weye uliyenunua motokari yako, osha, kwangua mupaka uone chuma yenyewe, ngojea ikauke hata kama bantu banakusukuma. Bile bitobo bidogo bya chini usibizibe, maji inatokea pale. Lakini kama ulikosea ao ulivivia, sema mbele bantu habajapanda. Haya inauma siku moja, inaisha. Kifo haiishe.

Mungu akupe mikono ya kuvumilia na kinywa ya kusema kweli hata ikiuma. Na kila muntu utakayebeba, afike kwabo muzima, akute chakula ingali moto.