Mwenye Mshumaa Hutoka Mwisho

“Giza na mimi tumezoeana kama mtu na shemeji yake. Andika hivyo,” anasema Kaberia. “Hakuna shimo Meru hii linaloweza kunirudisha nyuma.”

Ni saa moja asubuhi, Kibirichia. Ukungu umelala juu ya mashamba ya waru, viazi vya huku, na hauna haraka ya kwenda popote. Kaberia, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, anafungua mlango wa mbao uliopachikwa ubavuni mwa kilima. Anatanguliza mshumaa uliofungwa kwenye ncha ya fito, kisha anashuka ngazi tatu. Huko ndani gunia moja linateleza. Pu!

Kaberia yuko nje. Mshumaa umebaki ndani.

“Nilikuwa naangalia kama mlango unafunguka vizuri,” anasema, akipangusa magoti.

Kazi yake ni kulinda stoo hii ya chini ya ardhi, mali ya chama cha wakulima sabini na wawili. Ndani kuna magunia mia nne ya waru za mbegu. Kabla stoo haijachimbwa, wengi waliweka mbegu chini ya kitanda, na karibu theluthi yake ilioza au kuliwa na panya kabla mvua haijafika.

Kaberia hulipwa shilingi elfu kumi na mbili kwa mwezi. Shamba lake ni robo eka, na mkewe anatarajia mtoto wa tatu.

“Wakininyang’anya ufunguo, narudi kuchimbia watu mitaro,” anasema. Leo wanachama wanaamua kama atakaa nao msimu mwingine, na ndiyo maana amevaa koti la harusi yake.

Mshumaa si pambo. Waru zikirundikwa mahali palipofungwa hupumua, zikaimaliza hewa. Mwali ukififia, watu hutoka mara moja. Huingia wawili wawili, na sheria ni moja tu: mwenye mshumaa hutangulia kuingia, na hutoka mwisho.

Sheria hiyo ilitoka mbali. Mwaka juzi, mwezi wa kumi, chama kilipata mwaliko wa wiki mbili huko Brandelstein, kimji cha wakulima nchini Ujerumani. Walikwenda watatu: Kaberia; Ruguru, mama wa miaka hamsini na minane aliye mwenyekiti wa chama; na Oscar, aliyekuwa afisa wa kilimo hapa Kibirichia.

“Mji wenyewe una duka moja la mikate na kanisa moja. Watu, hujui wako wapi,” Kaberia anakumbuka. “Saa nane mchana, jua linawaka, barabara tupu. Nasalimia, ‘Muga!’ Pazia linasogea. Nasalimia tena. Pazia linarudi.”

Kwenye vilima kuzunguka mji huo kuna ngome tatu za mawe. Ya kwanza haina paa, na kunguru wake hawalii. Ya pili ina mavazi ya vita ya chuma, yamesimamishwa kwenye mstari kama watu wanaongoja kuitwa. Kaberia alivua kofia, akaliamkia vazi la kwanza.

“Alingoja ajibiwe, huyu,” anacheka Ruguru, ambaye amefika na kuuchomoa ufunguo mkubwa mlangoni, aushike hadi uamuzi utoke.

“Mzee amevaa chuma mwili mzima, mama, ungempita bila salamu?”

“Halafu tukiwa mlangoni ukaniambia kichwa kimegeuka.”

“Kiligeuka.”

Ruguru hacheki tena.

Ngome ya tatu ndiyo iliyowapeleka. Wakulima wa Brandelstein huhifadhi mbegu kwenye pango lililochongwa chini yake, ngazi thelathini na moja kwenda chini. Mwenyeji wao aliwaeleza kwamba katika vita vya zamani watu wa mji walijificha humo, mlango ukaporomoka, na si wote waliotoka. Aliyasema hayo kama mtu anayetaja bei ya sukari.

Wanachama wameshaanza kukusanyika mbele ya stoo. Wengi wameisikia hadithi hii, lakini wanasogea karibu. Ndiyo iliyompa Kaberia kazi.

“Mimi na mama tulishuka, mshumaa ninao mimi,” anasimulia. “Kule chini kuna vyumba na vyumba. Hewa nzito. Mara mwali ukapungua, ukawa bluu, ukazimika. Giza hilo, jamani, ukifumba macho ni afadhali.”

“Nilipotea,” Ruguru anaendelea. “Nilipapasa ukuta, nikakuta ukuta mwingine. Kichwa kinazunguka. Nikamwita Kaberia, kimya. Nikajua nafia kwa wenyewe. Ndipo mkono ukanishika.”

Anauinua mkono wake wa kulia.

“Ulikuwa baridi kama jiwe la mtoni, lakini sikuuachilia. Ulinipandisha ngazi moja moja, bila neno. Mlangoni mwanga ulinichoma macho. Nilipoyafumbua, nilimwona huyu kijana amesimama mbele yangu. Mtu wa hivyo ndiye wa kuachiwa mbegu za watu.”

Kaberia anatazama viatu vyake. Wanachama wanapiga makofi. Hapo ndipo pikipiki inapopanda kilima, na anayeshuka ni Oscar. Alihamishiwa Embu wiki ile ile waliyorudi kutoka Ulaya, na leo ameitwa kukagua stoo.

“Umefika wakati mzuri,” Ruguru anamwambia. “Tulikuwa tunasimulia jinsi Kaberia alivyonishika mkono kule ngomeni.”

Oscar anavua helmeti polepole.

“Alikushika wapi, mama?”

“Kule chini. Akanipandisha.”

“Lakini Kaberia alitoka mbio, akanigonga kifua. Tulikuwa naye nje kama dakika nne, mimi na mwenyeji, tukimpa maji. Mwenyeji alikuwa anawasha taa aje kukutafuta, ndipo ukatoka mwenyewe.” Anawatazama wote. “Sisi watatu tulikuwa juu.”

Ruguru anautazama mkono wake, anaugeuza kiganja juu, anaugeuza chini, halafu anaupangusa kwenye sweta, mara mbili, mara tatu.

“Kaberia,” anasema, “wewe ndiye uliyekuwa na mshumaa.”

“Ndiyo, mama.”

“Uliniacha.”

“Nilikuacha.”

“Na siku zote hizi nakushukuru. Mbele ya watu. Mbele ya mke wako. Kwa nini hukuniambia?”

Kaberia anafungua vifungo vya koti la harusi, kama mtu aliyepungukiwa na hewa. Ufunguo bado uko mkononi mwa Ruguru, na Kaberia hauangalii hata kidogo.

“Nilitaka kukuambia siku ile ile,” anasema kwa sauti ambayo walio nyuma hawaisikii. “Lakini ulitoka ukicheka, unasema asante, asante. Nikaona nikikuambia si mimi, utaniuliza ni nani.”