Mwalimu wa Vidudu Aliyerudisha Mahari

Ndugu msomaji, wewe ulipokuwa mdogo ulifinyanga ng'ombe wangapi? Na ulipokwisha kuwafinyanga, walikuwa wa nani?

Saa mbili asubuhi, Mwalimu Raheli Wanzagi amechuchumaa mlangoni, beseni la bati liko kati ya magoti yake. Watoto wamepanga mstari. Kila mmoja ananyoosha mikono, anaigeuza, anaonyesha na kucha. Mwenye kamasi anafutwa kwa pindo la kanga ya mwalimu, na pindo hilo, ukilitazama vizuri, limechakaa kuliko kanga yote iliyobaki.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Jana ulilala na nani wewe?"

"Na mbuzi."

"Ndiyo maana. Rudi ukanawe tena, na miguu."

Hii ndiyo shule ya watoto wadogo ya kanisa la Kiprotestanti katika kijiji cha ujamaa cha Nyabitare, upande wa Bunda. Wanakijiji huiita shule ya vidudu, na vidudu wenyewe wala hawachukii. Ukuta ni wa udongo, paa ni la nyasi. Ndani kuna benchi moja refu lililotoka kanisani lilipovunjika mguu. Hapa limeegemezwa kwenye jiwe na maisha yanaendelea. Watoto hukaa juu ya magunia ya pamba yaliyofumuliwa na kushonwa pamoja. Kengele ni ringi ya gari.

Watoto ni arobaini na wawili. Asubuhi mama zao huenda kwenye shamba la pamba la kijiji, na kama si shule hii wangekuwa wamewabeba mgongoni. Wapo wa Wakristo na wapo wa watu wanaoshika dini za mababu. Wapo wa wafugaji, na wapo wa wavuvi waliohamia hapa kutoka ziwani wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, miaka miwili iliyopita. Wengi walifika hawajui neno moja la Kiswahili. Hapa Kiswahili ni lugha ya kuimbia na ya kuombea uji.

"Lakini mtoto akilia, namwacha alie kikwao," anasema Mwalimu Raheli. "Sijaona mtu anayelia kwa lugha ya shule."

Baada ya kunawa ni sala, kisha wimbo, kisha hadithi ya Biblia, kisha wote wanatoka kupalilia tuta lao la viazi. Saa nne ni uji wa ulezi. Kila siku anagawa mtoto mwingine, na anayegawa hunywa wa mwisho. Ukimwangalia huyo mgawaji utacheka: kata moja anamimina, jicho moja anachungulia sufuriani kama utabaki. Unabakiaga. Mwalimu anahakikisha unabaki, ila hamwambii.

Kanisa humpa shilingi sitini kwa mwezi, na wakati wa mavuno kijiji humwekea madebe mawili ya mtama. "Nimewahi kulala na homa," anasema, "nimewahi kulala na kelele za watoto zimejaa masikioni. Njaa, hapana."

Baada ya uji ndipo kazi kubwa huanza. Nyuma ya jiko kuna kichuguu, na udongo wa kichuguu hauna mwenzake kwa kufinyanga ng'ombe. Pembe ni miiba ya mgunga. Madoa ni majivu na mkaa. Mtoto wa miaka minne wa huku atakufinyangia dume mwenye nundu, aliyegeuza shingo kama ameitwa. Saa sita, kabla ya kwenda nyumbani, Mwalimu Raheli alikuwa akikusanya ng'ombe wote na kuwaweka katika kasha moja la mbao lililokuwa la sabuni. Kasha hilo waliliita zizi.

"Hapa hakuna changu, kuna chetu," alikuwa akiwafundisha. Mwenyekiti wa kijiji, mzee Chacha, alilipenda sana neno hilo. Katika mkutano aliwaambia watu wazima kwamba vidudu wamewatangulia katika ujamaa.

Basi wiki iliyopita, neno hilo hilo lilimponza mwalimu.

Siku ya Jumanne mtoto mmoja wa Kisukuma aitwaye Mhoja, wa miaka mitano, alimwoa mwenzake Robi, naye wa miaka mitano. Walifanya mambo yote kama walivyoyaona kwa wakubwa. Wavulana wakaleta ng'ombe kumi na wawili. Upande wa msichana wakawakagua mmoja mmoja, wakamkataa mwenye mguu uliovunjika, wakaletewa mwingine. Ng'ombe wakaingizwa katika boma la kokoto la kina Robi, uji ukanywewa kwa niaba ya pombe.

Ilipofika saa sita Mwalimu Raheli akapita na kasha lake, akawazoa wote. Wa Robi wakarudi zizi moja na wa Mhoja. Robi akalia njia nzima hadi nyumbani.

Kesho yake, hata sala haijaanza, akatokea mlangoni Bibi Wankyo, bibi mzaa baba wa Robi. Mkono mmoja fimbo, mkono wa pili kigoda. Akaweka kigoda chini, akakaa, ndipo akakubali kusalimiwa.

"Mwalimu, umemvunjia mjukuu wangu ndoa."

"Ndoa gani tena, bibi? Mtoto ana miaka mitano."

"Ng'ombe zililetwa, hazikuletwa?"

"Zililetwa."

"Zikapokelewa, hazikupokelewa?"

"Zilipokelewa, bibi."

"Na nani kazirudisha?"

Mwalimu Raheli akaligeukia kasha la sabuni. Watoto wote wakajikunyata kama vifaranga waliomwona mwewe.

"Tena turudishiwe mtoto na Msukuma!" Bibi Wankyo akaendelea. "Kwanza ng'ombe kumi na mbili. Msukuma gani huyo anatoa ng'ombe kumi na mbili tu?"

Mhoja akajibu kutoka kwenye gunia lake: "Nilichoka kufinyanga, bibi."

Bibi hakucheka. Aliinuka, akamshika Robi mkono. "Mtoto hachezei kurudishwa. Anajizoesha. Na wewe, Mwalimu, ndiye uliyepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote hapa." Akaondoka na mjukuu wake, akasema mtoto harudi tena.

Yale maneno ya "kuliko mtu yeyote" yalimwingia mwalimu, kwa sababu yalikuwa ya kweli.

Raheli alizaliwa Buswahili, upande wa Butiama. Aliolewa akiwa na miaka kumi na minane, kwenye kijiji kimoja cha ziwani. Akakaa miaka sita bila mtoto. Wakwe wakaja kudai ng'ombe wao. Ng'ombe hao walikuwa wamekwisha kutumika kumwolea mke kaka yake, Leonardi, kwa hiyo baba yake alilazimika kukamua zizi lote mpaka likabaki jivu la moto wa jioni.

"Baba alizitoa mwenyewe, hakutuma mtu," anakumbuka. "Mama siku hiyo hakupika. Hakuna aliyenisema. Ila nilikuwaga nikipita karibu na lile zizi naona aibu kama mwizi."

Akaenda Musoma, akapokewa na mke wa mchungaji aliyekaa Kamunyonge. Huko alibatizwa, na huko ndiko alikoanza kulea watoto wa akina mama waliokuwa wakija kwenye mafundisho ya kanisa. Kanisa likampa mafunzo ya miezi mitatu, na mwaka 1969 likamleta huku. "Sikuzaa," anasema bila kuinamisha uso, "lakini waliopita kwenye kanga hii siwezi kuwahesabu."

Hofu yake siku ile haikuwa ya Robi peke yake. Familia zisizo za kanisa zilichukua muda mrefu kuwaleta watoto. Walisema watoto wanabatizwa kwa uji. Sasa mmoja akiondoka kwa hasira, wengine watafuata, na mama zao watarudi kubeba watoto pambani kwenye jua.

Jioni akaenda kwa Mwenyekiti Chacha, maana ndiye aliyelisifu lile kasha mbele ya watu. Alipomweleza, Mwenyekiti alicheka hadi akakohoa. Kisha akaacha kucheka.

"Mashamba tumeunganisha," akasema. "Hata jembe nikikuuliza lako liko wapi utanionyesha stoo ya kijiji. Lakini ng'ombe za mahari nani kaunganisha? Zirudishe kwa Robi, Mwalimu. Zirudishe haraka, kabla mke wangu hajasikia."

Siku ya Alhamisi Mwalimu Raheli alikwenda mwenyewe kwa Bibi Wankyo, akapiga magoti, akaomba radhi. Hakusema kuwa ni mchezo. Aliuliza tu ni nini kinachotakiwa.

Kilichotakiwa kilikuwa kingi. Ng'ombe wasibebwe kwenye kasha, waswagwe. Wapite njia ya mbele, si ya uani. Na Bibi Wankyo awepo.

Asubuhi nzima ya Ijumaa haikuwa na hadithi wala kupalilia. Wavulana walitambaa mchangani, kila mmoja akisukuma ng'ombe wake kwa kidole na kupiga mbinja. Bibi alikaa kwenye kigoda chake, akakagua.

"Huyu kakonda."

"Ametoka mbali, bibi," Mhoja akamtetea.

"Na huyu pembe moja iko wapi?"

"Alipigana."

"Na nani?"

"Na huyo uliyesema kakonda."

Hapo bibi akacheka, mara ya kwanza. Alicheka kwa mwili wote, meno yake manne ya mbele yakaonekana yote. Akamwambia Mhoja aongeze dume moja, naye akaongeza, na ng'ombe wakawa kumi na watatu. Robi akarudi kwenye gunia lake.

Tangu siku ile fundisho limebadilika. Sasa watoto wanaimba: chetu tunakitunza sote, na kilichotolewa hakirudishwi. Kasha la sabuni lipo bado, ila humo wanakaa ng'ombe wasio na mwenyewe. Wa Robi wana boma lao la kokoto nyuma ya jiko, na hakuna mtoto anayethubutu kuwagusa.

Ungedhani mambo yamekwisha hapo. Hayakwisha.

Jumatatu Bibi Wankyo akaja tena na kigoda chake. Safari hii ilikuwa wimbo: kwa nini Robi anaimba nyumbani wimbo wa kondoo, wakati kwao hawajafuga kondoo? Akakaa hadi saa sita akiulizia. Jumanne ikawa kikombe, eti Robi anapewa chenye kutu. Jumatano uji ulikuwa mwepesi. Akaonja, akaonja tena, akamaliza bakuli zima ili ahakikishe. Na kila siku akiondoka anasema lile lile: "Kesho namtoa mtoto wangu."

Mwalimu Raheli hakubishana naye hata siku moja. Wimbo aliubadilisha, kondoo wakawa ng'ombe. Kikombe alikisugua kwa mchanga na majani ya msasa mpaka kikang'aa. Uji akauongezea unga. Lakini anakiri kwamba usiku analala na neno lile la kesho.

"Serikali imesema tangu Azimio la Musoma, watoto wote wataingia darasa la kwanza," anasema akikoroga. "Mimi nataka nimwone Robi anaingia akitokea hapa, ameshajua kukaa na wenzake na kusubiri zamu yake. Hilo ndilo ombi langu kwa Mungu mwaka huu. Na ukuta wa matofali, akipenda. Lakini aanze na Robi."

Leo ni Alhamisi. Ringi imegongwa, watoto wametawanyika, wengine wanakimbizana na vumbi lao wenyewe. Robi yuko barabarani tayari na Mhoja. Bibi Wankyo hajainuka kwenye kigoda. Tangu asubuhi hajalalamika. Amewafunga wawili vifungo vya mashati, na amemfundisha mtoto mmoja wa mvuvi kusimamisha ng'ombe wa udongo asianguke kifudifudi.

Mwalimu Raheli anamwaga maji ya beseni, anakausha mikono, anakuja kuchuchumaa mbele yake.

"Haya bibi, leo kosa letu ni lipi?"

"Leo hamna kosa."

"Basi kesho hutamtoa?"

Bibi anachora mchangani kwa ncha ya fimbo, anafuta kwa mguu. Juani huko nyumba za kijiji zimepangwa mstari mmoja, milango yote imefungwa, watu wako pambani.

"Kule kwetu kabla hatujahamishwa," anasema, "uani kwangu palikuwaga na wajukuu tisa. Nilikuwa nawafukuza, nasema wanapiga kelele. Hapa mwanangu anaondoka alfajiri, mkewe anaondoka, Robi naye mnamchukua. Nabaki na kuku. Kuku wenyewe wawili."

"Bibi…"

"Subiri nimalize, nisije nikaona haya nikaanza tena habari ya vikombe. Robi hana shida. Robi hata nikimtoa atatoroka arudi. Ni mimi, Mwalimu. Mimi ndiye ninayetaka kuja."