Nilikipima Kisima Alfajiri

Mwaka niliomaliza chuo, mama aliteleza kwenye ukingo wa kisima chetu akaangukia bega la kulia. Bega lilipona, ila halikurudi kuwa la kuvutia ndoo. Dada yangu, aliyeolewa Iringa, alipiga simu na kusema kwamba kama hadi mwisho wa mwezi kisima hakina pampu, atakuja kumchukua mama akakae naye, na bustani apangishwe mtu mwingine. Mama alikuwa anachambua figiri kwa mkono wa kushoto huku simu ikiongea mezani. Kesho yake nilikuta ameshusha begi lake kutoka juu ya kabati, amelifuta vumbi na kuliacha wazi kando ya kitanda.

Sikutaka begi lile lijae. Nilikuwa na shahada ya ununuzi na ugavi, kazi sina, na ni mimi peke yangu pale nyumbani niliyekuwa na muda wa kufikiria pampu. Nikaifikiria. Nilifikiria umeme ukikatika katikati ya kumwagilia, tope likiingia kwenye bomba, mwizi akiruka ua. Mama aliniambia ninazunguka kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Muuzaji wa pampu pale soko la Mwanjelwa, hapa Mbeya, aliniuliza swali moja tu: maji yako chini kiasi gani? Pampu ya kukaa juu ya kisima ina mwisho wake wa kuvuta.

"Boksi linasema mita nane," alisema. "Hiyo ni kwa watu wa chini huko. Sisi tuko juu milimani, hapa hesabu sita. Ikigoma kwa sababu maji yako mbali, usinirudishie."

Nikachukua kamba ya manila, nikafunga jiwe mwishoni na kupiga fundo kila mita. Nilipima mara tatu, siku tatu tofauti, kwa kuwa kipimo kimoja sikiamini. Mara zote nilipata mita tano na nusu. Mara zote nilipima alfajiri, kabla majirani hawajaja. Niliona aibu wanikute nimeinamia kisima na kijiwe, wakati picha yangu ya joho wanaiona sebuleni.

Kisima alikichimbisha marehemu baba, na hakijawahi kuwa na kufuli. Nyumba kama saba hivi zinateka hapo kila siku, kila mtu na kamba yake na ndoo yake. Hawaombi ruhusa, wanasalimia tu na kushusha ndoo.

Nikanunua pampu. Fundi alikuja Jumamosi, saa nne asubuhi. Ni mtu wa kwao Tosamaganga, Iringa, kahamia Mbeya miaka mingi, lakini bado alimwamkia mama kwa Kihehe, "Kamwene," na mama akamjibu kwa Kinyakyusa, wakacheka wenyewe. Alifunga pampu, akashusha bomba, akainywesha pampu maji ya kuanzia, akawasha. Wanawake watano walikuwa wamesimama na ndoo zao, wanatazama. Maji yalitoka kidogo, yakarukaruka, kisha ukabaki upepo.

"Msomi, mbona inakohoa?" mmoja akauliza.

"Ipelekeni zahanati," akadakia mwingine.

Fundi aliinywesha tena mara mbili. Ikakohoa mara mbili. Akazima na kunigeukia.

"Kipimo ulichukua mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mara tatu."

"Saa ngapi?"

Nilipofungua mdomo nikawa nimeshajua. "Alfajiri."

Hakunicheka. Alimgeukia mkubwa wa wale wanawake, ambaye mtaa mzima tunamwita bibi. "Bibi, kamba yako sasa hivi unaishikia wapi?"

Bibi akainyoosha. "Nikiwahi asubuhi, naishikia hapa. Saa hizi, watu wakishateka, hapa." Kati ya mkono na mkono palikuwa na zaidi ya mita mbili. Akanitazama. "Si ungetuuliza, mjukuu wangu? Sisi kisima hiki tunakipima kila siku."

Nilimvuta mama pembeni. Nilikuwa nimeshapiga hesabu: tukimwagilia alfajiri kwa saa mbili, majirani waje baada yetu, bustani itatosheka na pampu haitapata shida. Nilimweleza taratibu, na nikaongeza kwamba kisima ni chetu.

"Watu waje wakute tope?" alisema. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. "Hapana. Heri niende Iringa."

Akaingia ndani. Nilisimama pale nikifikiria begi.

Fundi alikuwa amesikia. Alisema kuna njia nyingine: badala ya pampu kukaa juu, aijengee kitako ndani ya kisima, mita tatu chini, ili iwe karibu na maji. Nikamuuliza nondo zitashikaje ukutani, waya utapita wapi, ndoo za watu zikiigonga itakuwaje. Alijibu yote kwa uvumilivu wa mtu aliyeshalipwa nusu. Kisha nikamuuliza: masika maji yakipanda?

Akachungulia kisimani.

"Itazama," alisema. "Hilo kweli."

Kwa hiyo hakujenga kitako. Alitoboa ubao, akaufungia pampu na kuuning'iniza kwa mnyororo kwenye chuma alichokilaza juu ya kisima. Kiangazi unashushwa, masika unapandishwa. Waya aliupitisha ndani ya bomba la plastiki. Nusu ya mdomo wa kisima aliifunika, nusu akaiachia ndoo. Ilipofika saa tisa, kisima kikiwa kimetekwa tangu asubuhi, aliwasha tena. Pampu ilikohoa mara moja, halafu mpira wa kumwagilia ukajaa ukawa mgumu.

Nikamwita mama. Alitoka, akaushika mpira kwa mkono wa kushoto na kuanzia kwenye tuta la chainizi. Nyuma yake bibi alishusha ndoo yake, akateka, akaondoka.

Mwisho wa mwezi dada alikuja kama alivyoahidi. Mama alimpeleka bustanini, akamwonyesha mnyororo, akamwambia huo wa msomi, anaujua yeye. Asubuhi ya safari nililikuta begi mlangoni, limejaa hadi zipu haifungi: figiri, chainizi, vitunguu vibichi vya kwenda Iringa. Dada alilibeba kichwani hadi barabarani. Nilimuuliza kama vitafika bila kunyauka, maana njia ni ndefu na jua lilikuwa kali. Akapanda basi peke yake, begi mapajani.